Kilo za chai na dinari ya Mungu: Mbinguni tutalipwa kwa mizani?

Mvua ya Kedowa haipigi hodi. Siku tuliyomzika binamu yangu ilianza saa saba mchana, mhubiri akiwa katikati ya mahubiri, na sote tukajibana chini ya hema moja, wenye suti na wenye gambuti, jamaa na wapita njia. Hapo ndipo mhubiri alipotamka maneno ambayo mpaka leo hayajanitoka kichwani.

"Ndugu yetu alikuwa mtu mzuri," alisema. "Lakini wema haujawahi kumwingiza mtu mbinguni. Ni imani. Na imani yake mimi siijui."

Akafunga Biblia. Hakuna aliyesema amina.

Wacha nikwambie kidogo kuhusu marehemu. Alikuwa mhudumu wa boda boda. Kanisani ungemwona Krismasi, kwenye harusi, na siku nyingine moja moja mama yake akimlilia sana. Lakini kijijini kila boma lina stori yake. Kuna mama aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua usiku wa manane, akapelekwa hospitalini na kuambiwa, "Utalipa ukipata." Kuna wazee waliobebewa magunia ya viazi hadi barabarani bila kutozwa hata shilingi. Na jioni ya Juni 30, 2023, trela lilipopoteza mwelekeo pale Londiani Junction na kuua zaidi ya watu 50, wengi wao wachuuzi, abiria na wahudumu wa boda, yeye alikuwa miongoni mwa waliobeba majeruhi. Hakupenda kuizungumzia jioni ile. Ninachojua ni kwamba alirudi nyumbani usiku, akaosha pikipiki yake mara tatu.

Sasa, baada ya mazishi, tukiwa tumeota moto jikoni kwa Kogo, nyanya yetu, vijana wa boda wakaanzisha mjadala. Mmoja akauliza, "Kwa hivyo msee aliyekula pesa za chama miaka kumi, akaokoka wiki ya mwisho, anaingia, halafu huyu wetu anaachwa nje?" Mwingine akamjibu pole pole, macho kwenye moto, "Na kama ni matendo, basi mimi nishakwisha. Nani kati yetu atatosha?"

Kogo alikuwa akipuliza kuni. Hakujibu yeyote.

Nilirudi Nairobi na maswali yale mawili. Ukiyaangalia vizuri utaona si ya Kedowa pekee. Katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2019 ilipata kwamba takriban asilimia 85 ya watu ni Wakristo, hili ni swali ambalo kijana yeyote amewahi kukutana nalo, awe ameketi kanisani, kwenye matatu au kwenye grupu ya WhatsApp ya familia. Tunaokolewa kwa imani au kwa matendo? Na kama ni kwa imani, thawabu inayotajwa kila Jumapili ni ya nini?

Kikapu, mizani na bonasi

Ili uelewe kwa nini swali hili linauma zaidi kwetu, lazima ujue maisha ya chai.

Ukitoka Kedowa kuelekea Kericho na kwenda mbele hadi Bomet, kijani hakikatiki. Katika mashamba hayo mtu hulipwa kwa kilo. Mchumaji huingia shambani umande ukiwa bado, kikapu mgongoni, anachuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka vidole viwe vyeusi. Baadaye anapanga foleni kwenye kituo cha kukusanyia, karani anaweka mzigo kwenye mizani, anasoma, anaandika. Mizani haiulizi ulilala saa ngapi. Haiulizi kama mtoto ni mgonjwa. Inasoma kilo, basi.

Kwa mkulima mdogo mwenye shamba lake mambo yana awamu mbili. Kila mwezi hulipwa kiasi fulani kwa kila kilo aliyopeleka kiwandani. Halafu mwaka wa hesabu ukiisha, kuja kufikia Oktoba, inakuja bonasi. Bonasi ndiyo huezeka nyumba mabati, hulipa karo, hununua ng'ombe. Pia ndiyo huleta kelele, manake wakulima wa Kericho na Bomet wamelalamika mara nyingi kwamba yao huwa ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki mwa Bonde la Ufa. Jasho ni lile lile, wanasema, mbona malipo si sawa?

Ukimlea mtoto katika mazingira hayo, usishangae akiwaza kwamba Mungu naye ana mizani. Matendo mema ni kilo. Mbinguni ni bonasi. Ukipeleka nyingi utapata nyingi, na siku ya mwisho karani atafungua kitabu asome jina lako.

Tatizo ni kwamba Yesu, alipotaka kueleza jinsi Mungu anavyolipa, alisimulia hadithi ya vibarua shambani. Na hadithi hiyo inaipindua mizani miguu juu.

Saa kumi na moja jioni

Iko katika Mathayo sura ya 20. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua, wanapatana dinari moja, ambayo ilikuwa ujira wa kawaida wa kutwa. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa. Mwisho anatoka saa kumi na moja, anawakuta watu wamesimama tu sokoni kwa sababu hakuna aliyewapa kazi, na hao nao anawaingiza shambani.

Hapa Mswahili anamshinda Mzungu kwa kuelewa. Saa za Biblia zinahesabiwa kama zetu, kuanzia jua linapochomoza. Saa kumi na moja ni saa kumi na moja ile ile tunayoijua, jua linazama, wachumaji washaanza kuteremsha vikapu, imebaki saa moja tu giza liingie.

Wakati wa malipo, wa mwisho wanalipwa kwanza. Wanapata dinari nzima. Waliochomwa na jua tangu asubuhi wanaanza kupiga hesabu kichwani kwamba wao watapata zaidi, na wao pia wanapewa dinari moja. Wananung'unika. Mwenye shamba anawauliza, kwani nimewadhulumu? Si ndicho tulichopatana? Au mnanionea kijicho kwa sababu mimi ni mkarimu?

Msomee hadithi hiyo mtu ambaye amechuma chai miaka thelathini, utaona uso wake. Haipendezi mara moja. Inaonekana kama dharau kwa jasho. Lakini iangalie kutoka upande wa yule wa saa kumi na moja. Hakuwa mvivu, hakuna aliyemwajiri. Watoto wake nyumbani watakula kiasi kile kile wanachokula watoto wa aliyeanza alfajiri. Mwenye shamba hakupima kilo. Aliangalia mtu anahitaji nini ili aishi siku moja.

Hiyo ndiyo Wakristo huita neema. Si malipo ya kazi, ni ukarimu wa anayelipa.

Paulo na Yakobo: kwani hawakuelewana?

Sasa tuingie kwenye maandiko yenyewe, manake mtaani watu hurushiana mistari kama mawe.

Upande mmoja yuko Mtume Paulo. Katika Warumi sura ya 3 na ya 4, Wagalatia sura ya 2 na Waefeso sura ya 2 hoja yake ni moja: hakuna binadamu anayeweza kumdai Mungu. Mfanyakazi akilipwa, anachopata ni haki yake, ni deni limelipwa. Lakini wokovu haulipwi kama deni. Ni zawadi, na unapokelewa kwa imani, ili asiwepo mtu wa kujipiga kifua.

Upande wa pili yuko Yakobo, sura ya 2 ya waraka wake. Anauliza, mtu akija kwako hana nguo, hajala tangu jana, ukamwambia aende akapate joto na ashibe, halafu usimpe kitu, umemfaa nini? Kwake imani ya namna hiyo ni maiti. Anaongeza kwamba hata mashetani wanaamini Mungu yupo, na hilo halijawasaidia.

Ukisoma haraka utadhani wanapigana. Ukitulia utaona kila mmoja anajibu mtu tofauti. Paulo anazungumza na mtu anayesema, "Nimetahiriwa, nimefunga, nimetii sheria zote, kwa hivyo Mungu ana deni langu." Yakobo anazungumza na mtu anayesema, "Mimi nimeamini, yatosha, jirani akafie mbele." Wa kwanza ana matendo anayotaka kuyauza. Wa pili ana imani ya mdomoni.

Na hata Paulo hakuishia pale ambapo wengi huishia. Baada ya kusema tumeokolewa kwa neema, mstari unaofuata katika Waefeso, ule wa 10, unasema tumeumbwa upya kwa ajili ya matendo mema ambayo Mungu aliyaandaa mapema. Tatizo letu ni kwamba tunakariri mstari wa 8 na wa 9, halafu tunafunga kitabu.

Mkulima hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mti wa chai hauwi hai kwa sababu umetoa chipukizi. Unatoa chipukizi kwa sababu uko hai. Lakini ukikaa msimu mzima bila hata jani moja, mvua imenyesha na mbolea umeweka, utaanza kushuku mizizi.

Watawa wa Kipkelion

Wala hatuhitaji kusafiri mbali kutafuta mfano. Ukifuata reli kutoka Kedowa unateremka hadi Kipkelion, mji ambao zamani uliitwa Lumbwa. Huko, mwaka 1956, watawa wa shirika la Trapisti walitoka Tilburg, Uholanzi, wakaanzisha monasteri ya Bikira Maria wa Ushindi.

Watrapisti hufuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6. Siku yao imegawanywa kati ya sala na kazi. Wanaamka usiku kuomba, halafu mchana wanaingia shambani, maana sheria yao inawataka waishi kwa jasho lao. Ukimuuliza Mtrapisti kama anaokolewa na sala au na jembe, nadhani angekuona kama mtu anayeuliza ndege huruka kwa bawa la kulia au la kushoto.

Halafu ikaja mwisho wa mwaka 2007, uchaguzi, na vita vilivyofuata. Eneo la Kipkelion liliungua vibaya. Majirani walifukuzana, nyumba zikateketezwa, na watu waliokimbia makwao walitafuta hifadhi kwa watawa. Fikiria nyumba iliyozoea ukimya ikijaa ghafla vilio vya watoto na watu wenye hofu. Wakati huo maneno ya Mathayo sura ya 25 hayakuwa mahubiri tena. Yule mgeni, yule mwenye njaa, yule asiye na nguo, alikuwa amesimama langoni.

Mwaka huo huo wa 2008 watawa waliondoka Kipkelion, wakahamia Uganda. Miaka zaidi ya 50 ya kazi ikaachwa nyuma. Kama thawabu ni majengo, ng'ombe na jina, basi walipoteza. Lakini ile sura ya 25 haitaji majengo popote. Na kuna jambo moja la ajabu ndani yake: siku ya hukumu, wale wanaosifiwa hawakumbuki kabisa walichofanya. Wanauliza, Bwana, ni lini tulikuona na njaa? Hawakuwa wakihesabu. Wanaojitetea kwa kuuliza swali lile lile ndio waliodhani hawajakosa kitu.

Upande wa Bomet kuna Tenwek, hospitali iliyokuzwa na wamisionari Waprotestanti wa World Gospel Mission. Mwaka 1959 alifika hapo Ernest Steury, daktari kutoka Marekani, akawa daktari wa kwanza wa kudumu. Kauli mbiu ya hospitali hiyo inajulikana kotekote: kutibu ni kazi yao, kuponya ni kwa Yesu. Ni sentensi fupi, lakini imemaliza ubishi wa karne nyingi. Daktari haketi akisubiri muujiza. Wala hajidanganyi kwamba uhai uko mikononi mwake.

Ugomvi wa miaka 482

Nimesema ubishi wa karne nyingi, na si chumvi. Oktoba 31, 1517, Martin Luther, mtawa na mwalimu wa chuo kikuu cha Wittenberg, Ujerumani, alitoa hoja 95 kupinga biashara ya hati za rehema. Watu walikuwa wakiambiwa kwamba wakitoa pesa, adhabu ya dhambi itapunguzwa, yao na ya ndugu zao marehemu. Luther alisema hapana, mtu huhesabiwa haki kwa imani pekee. Kanisa Katoliki likajibu rasmi katika Mtaguso wa Trento, Januari 1547: wokovu huanza kwa neema, ndiyo, lakini mtu hushirikiana na neema hiyo, na matendo yake mema yana stahili mbele za Mungu.

Kwa sababu ya ugomvi huo Ulaya iligawanyika, damu ikamwagika, na mgawanyiko ukaja hadi kwetu pamoja na wamisionari. Ndiyo maana kwenye mji mdogo kama Kedowa unakuta makanisa kadhaa yakitazamana, kila moja na spika yake.

Ila kuna sehemu ya hadithi ambayo hatuambiwi sana. Oktoba 31, 1999, miaka 482 baada ya Luther, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja mjini Augsburg, Ujerumani. Walikubaliana kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa kumwamini Kristo, si kwa kustahili kwake, na kwamba anayekubaliwa hupewa Roho anayemsukuma kutenda mema. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006. Waanglikana walilipokea tamko hilo mwaka 2016, katika kikao kilichofanyika Lusaka, Zambia. Makanisa ya Kireformati yakafuata mwaka 2017. Tofauti zimebaki, lakini kwa jambo hili la msingi hawarushiani tena laana.

Kabla yao wote, Mwafrika alikuwa ameshalisema. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi tunayoiita leo Algeria, alifundisha karne ya 5 kwamba Mungu anapomvika mtu taji kwa ajili ya mema yake, anachovika taji ni zawadi zake mwenyewe. Yaani hata ile nguvu ya kutenda mema uliazimwa.

Basi thawabu ni ya nini?

Hapa vijana wengi huchanganyikiwa, nami nilichanganyikiwa pia. Kama mbingu ni zawadi, mbona Biblia imejaa thawabu, ujira, tuzo na mataji?

Jibu ambalo makanisa mengi ya kiinjili hutoa ni kutofautisha vitu viwili: kuingia na kutuzwa. Wanategemea Wakorintho wa Kwanza sura ya 3. Paulo anasema msingi ni mmoja, Kristo. Juu yake kila mtu anajenga, huyu kwa dhahabu na fedha, yule kwa miti na nyasi. Siku itakuja moto upite. Kazi ikibaki, aliyejenga atatuzwa. Ikiteketea atapata hasara, lakini yeye mwenyewe ataokoka, kama mtu aliyetoroka nyumba inayowaka. Katika hadithi ya mafungu ya fedha, Luka sura ya 19, mtumishi aliyezalisha kumi anapewa miji kumi, aliyezalisha matano anapewa mitano.

Wengine wanaiona hatari hapo. Wanauliza, je, mbinguni pia kutakuwa na mtaa wa mabwanyenye na mtaa wa mabanda? Wanakumbusha dinari, sawa kwa wote, na wanasema thawabu kubwa ni Mungu mwenyewe, na Mungu hagawanywi kwa vipande. Wapo wanaosuluhisha hivi: kila chombo kitajaa hadi pomoni, ila vyombo si vya ukubwa mmoja, na kupenda ndiko hukipanua chombo. Kikombe kilichojaa hakiionei wivu ndoo iliyojaa.

Mimi navutiwa na maelezo haya ya mwisho, kwa sababu yanaondoa biashara. Angalia miji kumi ya yule mtumishi: alichopewa kama thawabu ni kazi zaidi, uaminifu zaidi, nafasi kubwa ya kutumikia. Kama hupendi kumhudumia jirani leo, thawabu ya namna hiyo kwako ni adhabu.

Halafu kuna onyo la Mathayo sura ya 6. Anayetoa sadaka akipigiwa baragumu ameshalipwa. Makofi ndiyo mshahara wake, hana kingine cha kudai. Siku hizi baragumu lina kamera. Unampelekea mama mjane unga wa kilo mbili, unamsimamisha mbele ya simu, unaweka mtandaoni. Ukipata likes elfu tatu, usirudi kumdai Mungu.

Mizani ikiwa mikononi mwa watu

Haya si maneno ya kupoteza muda. Watu wamekufa kwa sababu ya hesabu mbaya ya thawabu.

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Upande wa mashtaka unadai kwamba waumini walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie anakabiliwa na mashtaka kadhaa, ambayo ameyakana, na ni mahakama itakayoamua. Lakini wazo lenyewe, kwamba mateso ya mwili ni tiketi na mtoto mdogo anaweza kulipishwa nauli hiyo, liko mbali kabisa na dinari ya saa kumi na moja. Pale mwenye shamba alitaka vibarua wale, waishi.

Kuna namna ndogo za hesabu hiyo hiyo. Unaambiwa upande mbegu kwa M-Pesa ndipo mlango wako ufunguke. Kijana hana kazi, anakopa Fuliza kumtumia mtu mwenye gari la mamilioni. Ukimuuliza anasema ni imani. Luther angezitambua hati za rehema mara moja, hata kama sasa zinakuja kwa ujumbe mfupi.

Na kuna pesa za wanasiasa. Septemba 2021, kule Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana aliwazuia wanasiasa kuhutubia kanisani. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo lilikataa michango iliyotolewa na Rais William Ruto katika kanisa la Soweto jijini humo, miezi michache baada ya vijana kuandamana na kuuliza kwa sauti kwa nini madhabahu yamegeuzwa jukwaa. Ujumbe ulieleweka: huwezi kununua baraka kwa bahasha.

Swali la mhudumu wa boda

Nirudi kwa mjadala wa jikoni, maana sijamaliza deni.

Aliyekula pesa za chama akaokoka wiki ya mwisho, anaingia? Kwa hadithi ya shamba la mizabibu, ndiyo, mlango wa saa kumi na moja uko wazi. Lakini tusisahau Zakayo, Luka sura ya 19. Alipoamini alisimama akaahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Imani iliyofika kweli huulizia namba za wanachama wa chama ianze kurejesha. Na wewe usipange kungoja saa kumi na moja. Wale vibarua walichelewa kwa kukosa mwajiri. Wewe umeshaitwa.

Na yule aliyesema, "Nani atatosha?" Huyo, nadhani, alikuwa karibu na Injili kuliko sisi wote usiku ule. Hakuna anayetosha, ndio maana ikaitwa neema.

Kuhusu binamu yangu, sitajifanya najua. Mhubiri alisema haijui imani yake, na kwa hilo alisema kweli, kwani hakuna binadamu anayeijua imani ya mwenzake. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kusema asichokijua kana kwamba ni hukumu, mbele ya mama anayezika mwanawe. Mathayo sura ya 25 inaonyesha watu waliomhudumia Kristo bila kumtambua. Wanateolojia hubishana hao ni akina nani hasa. Lakini kila anayebishana, akitulia, anapaswa kujiuliza kama yeye mwenyewe angepita pale Londiani jioni ile, angeshuka kwenye gari?

Nilirudi Kedowa miezi miwili baadaye. Nilimkuta Kogo kwenye mistari yake michache ya chai nyuma ya nyumba, kikapu mgongoni, umri wake na yote. Nikamsaidia kuchuma, kwa vidole vya mtu wa mjini, na baada ya kimya kirefu nikamuuliza kama yale maneno ya mazishini bado yanamuuma.

Akaendelea kuchuma. Majani mawili na chipukizi.

"Mjukuu wangu," akasema, "mimi nimepimwa na karani maisha yangu yote. Wengine waliniibia kilo, wengine waliniongezea kwa huruma. Siku nikifika kule, nikikuta karani mwingine na mizani, nitarudi." Akacheka, akajifuta mvua usoni. "Lakini nimeambiwa aliyeko pale ni Baba."

Tukapeleka majani kituoni kabla ya saa kumi na moja. Zilikuwa kilo nne na nusu. Karani akaandika nne.